Betri Iliyofanywa Jiwe la Mizani

Wapenzi wa kamera za filamu wana lawama moja waliyoizoea: kwamba kamera bora za miaka ya 1960 na 1970 ziliuawa na sheria. Betri za zebaki zilizoendesha vipima mwanga vyake zilipigwa marufuku, Marekani mwaka 1996 na Ulaya kuanzia mwaka 2000, na tangu hapo mwenye Minolta, Olympus, Canon au Rollei ya enzi hizo anahangaika na vipete vya shaba, betri za vifaa vya usikivu na hesabu za kichwani. Lawama hiyo haimstahili anayetupiwa. Sheria haikuharibu kamera hata moja. Ilichofanya ni kuanika njia ya mkato ambayo wahandisi waliipita miaka thelathini kabla, walipoichukua betri, kitu cha kuisha na kutupwa, wakaifanya kipimo. Mwenye duka anayepima sukari kwa jiwe la mizani hajiulizi jiwe limetoka wapi. Hushtuka siku jiwe lilipopotea na akagundua kwamba yote yaliyobaki sokoni ni mazito kidogo kuliko lile. Kisa cha volti 1.35 ndicho hicho, na anayekifuata tangu chanzo chake ataona pia tiba ilipo.

Zebaki ilikuwa na sifa ya uaminifu katika umeme muda mrefu kabla kamera hazijafikiriwa kuwa na betri. Mwaka 1873 mhandisi wa Kiingereza Josiah Latimer Clark aliunda seli ya zinki na zebaki iliyotoa nguvu isiyoyumba, kiasi kwamba mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Chicago mwaka 1893 uliitumia kuieleza volti yenyewe: seli ya Clark, katika joto la nyuzi 15 za Selsiasi, ihesabiwe kuwa na volti 1.434. Mwaka huohuo Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, alitoa seli yake ya kadimi na zebaki ambayo haikusumbuliwa sana na joto wala baridi, nayo mwaka 1911 ikashika nafasi ya ile ya kwanza. Kwa maabara za dunia, chupa ya kioo yenye zebaki ndiyo iliyokuwa volti. Seli hizo hata hivyo hazikuwa za kuendeshea chombo chochote. Ukizivuta mkondo mkubwa zinaharibika. Kazi yake ilikuwa kukaa kabatini na kulinganishwa na vyombo vingine. Kila fundi wa maabara alijua kwamba betri ya kupimia ni kitu kimoja na betri ya kufanyia kazi ni kingine. Watengenezaji wa kamera baadaye waliisahau tofauti hiyo, au tuseme kwa haki zaidi, hawakuona haja ya kuikumbuka.

Aliyewafanya wasione haja ni Samuel Ruben. Mvumbuzi huyu aliyezaliwa mwaka 1900, na ambaye hakusomea shahada yoyote chuoni, alikuwa na maabara yake New Rochelle, jirani na jiji la New York, na kwa miaka mingi alishirikiana na Philip Rogers Mallory, mwenye kiwanda Indianapolis. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi la Marekani lilikuwa na shida: betri za kawaida za zinki na kaboni zilioza katika joto na unyevu wa nchi za tropiki, nyingine kabla hata hazijatumika. Jibu la Ruben, mwaka 1942, lilikuwa seli ya zinki na oksidi ya zebaki iliyofungwa barabara ndani ya kopo la chuma. Ilistahimili joto, ilibeba nguvu nyingi katika umbo dogo, na ikaingia kwenye redio za mkononi na vyombo vya kutambua mabomu ya ardhini. Lakini ilikuwa na tabia nyingine ambayo jeshi halikuiomba. Ndani yake zinki hugeuka oksidi ya zinki, oksidi ya zebaki hugeuka zebaki tupu, na kimiminika cha alkali kilicho katikati hakiliwi wala hakibadiliki. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hadi karibu na ya mwisho seli hutoa volti 1.35, kisha hukata ghafla. Betri ya alkali tuliyoizoea leo haina tabia hiyo: huanza juu kidogo ya volti 1.5 na kuporomoka polepole hadi chini ya volti moja. Ruben alikuwa ametengeneza betri ya kazi yenye tabia za betri ya maabara, na kampuni ya Mallory, ambayo baadaye ndiyo iliyozaa jina la Duracell, ikaanza kuiuza kwa raia.

Kamera wakati huo hazikuihitaji. Kipima mwanga kilikuwa chombo cha pembeni, na kilipoingizwa ndani ya kamera kilitumia seleni, madini yanayozalisha umeme wake yenyewe yakipigwa na mwanga. Kampuni ya Weston, ileile ya seli ya maabara, ilitoa kipima mwanga cha seleni kwa wapiga picha mwaka 1932, na miaka mitatu baadaye Contaflex ya Ujerumani, ile yenye lenzi mbili, ikawa na seleni juu ya paji lake. Seleni ina faida ya kutohitaji betri, na hadi leo utakuta Olympus Trip 35 ambayo bado inapima. Hasara zake ni mbili. Inataka eneo kubwa, hivyo huwezi kuificha nyuma ya lenzi. Na mwanga ukipungua, umeme wake hupungua hadi mshale haunyanyuki. Miaka ya 1960 ilitaka kamera inayopima mwanga ule ule unaopita kwenye lenzi, hata ndani ya chumba chenye taa moja. Kilichowezesha hilo ni kadimi salfaidi, punje isiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati, isiyozalisha umeme bali inayobadilisha ukinzani wake: gizani huuzuia mkondo, kwenye mwanga huuachia. Kitu kinachouachia mkondo lazima kiwe na mahali pa kuutoa. Hapo ndipo kidonge cha Ruben kilipopata kazi mpya, kwa jina la PX625, kipenyo milimita 16 hivi na unene milimita 6.

Topcon RE Super ya mwaka 1963 ilikuwa ya kwanza sokoni kupima kupitia lenzi huku tundu likiwa wazi kabisa, nayo ilitumia kidonge hicho. Minolta SR-T 101 ikafuata mwaka 1966, Rollei 35 mwaka huohuo, kisha Canon FTb, kisha Olympus iliyotoka mwaka 1972 na baadaye kupewa jina la OM-1, na upande wa Urusi Zenit-TTL ikapewa betri yake ya zebaki ya umbo lilelile. Saketi ndani ya nyingi kati ya kamera hizi inashangaza kwa uchache wake. Betri, kadimi salfaidi, vikinzani kadhaa, na koili nyembamba inayosukuma mshale unaouona ndani ya kitafutio. Basi. Mkondo unaofika kwenye koili unategemea vitu viwili: mwanga, na volti ya betri. Ukitaka mshale useme habari za mwanga peke yake, lazima volti isitikisike. Kulikuwa na njia ya kulihakikisha hilo kwa vipuri, na kulikuwa na njia rahisi, yaani kuamini kwamba betri yenyewe haitatikisika kamwe. Wakachagua ya pili. Vipimo vyote vikarekebishwa kiwandani kwa kuchukulia kwamba upande wa pili wa saketi kuna volti 1.35, si pungufu, si zaidi.

Hesabu ya kinachotokea dhana hiyo ikivunjika si ngumu. Betri ya fedha ya leo hutoa volti 1.55. Tofauti ni volti 0.2, ambayo mtu angeipuuza kwenye tochi, lakini ni karibu asilimia 15 ya 1.35. Mshale unapata mkondo mwingi kuliko mwanga ulivyostahili, kamera inadhani nje kuna jua zaidi ya lililopo, mpiga picha anafunga tundu au anaharakisha shata, na filamu inapata mwanga mchache. Upungufu huo hauko sawa kwenye kila kamera wala kwenye kila mwanga: mahali fulani ni theluthi ya stopu, kwingine ni stopu nzima na zaidi, kwa sababu kadimi salfaidi na koili hazifuati mstari mnyoofu. Ndiyo maana ushauri wa kupunguza namba ya kasi ya filamu, unaotolewa kila mahali, unafanya kazi mchana na kukuangusha jioni.

Mtu anaweza kusema kwamba wahandisi wale wanaonewa. Betri ya zebaki iliuzwa kila duka la picha duniani, ilikuwa rahisi, ilikuwa sahihi. Nani angetabiri kwamba ingetoweka? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wote wangefanya hivyo. Asahi hawakufanya. Kamera yao ya Pentax Spotmatic, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Ujerumani kwenye maonyesho ya Photokina mwaka 1960 na kuingia sokoni mwaka 1964 (ikiwa na jina la kupima doa moja ingawa toleo lililouzwa lilipima wastani wa picha nzima), ilitumia saketi ya daraja. Wazo hilo lilikuwa na zaidi ya karne: Samuel Hunter Christie alilieleza mwaka 1833 na Charles Wheatstone akalieneza miaka kumi baadaye. Mkondo unagawanywa njia mbili, na mshale unawekwa katikati kulinganisha pande hizo. Zikilingana, mshale unasimama katikati, na unasimama hapohapo betri iwe na volti 1.35 au 1.55, kwa kuwa nyongeza imeingia pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Spotmatic nayo ilipewa betri ya zebaki, kidonge chembamba cha PX400. Tofauti ni kwamba iliitumia kama chakula, haikuitumia kama kipimo. Ukiipa leo betri ya fedha ya ukubwa unaoingia, inapima kama ilivyotoka kiwandani.

Kwa haki, daraja halikuwa la bure. Lilihitaji kikinzani kinachozungushwa pamoja na gurudumu la shata na la kasi ya filamu, na Spotmatic za mwanzo zilimlazimu mpiga picha afunge tundu la lenzi kabla ya kupima, jambo linalotia giza kwenye kitafutio. Minolta walipendelea tundu liwe wazi, na badala ya kikinzani wakapitisha nyuzi na kapi chini ya kifuniko, zikavuta duara linalofukuzana na mshale. Ni ubunifu wa kupendeza. Hata hivyo, kilichookolewa kwenye saketi kilihamishiwa kwenye betri, na deni hilo liliachiwa mnunuzi bila kuambiwa.

Minolta hiyohiyo ndiyo inayotupeleka Minamata, na sijui kama historia ya upigaji picha ina kinaya kikubwa zaidi ya hiki. Kiwanda cha Chisso kilichokuwa katika mji huo wa pwani ya Kyushu, Japani, kilitumia zebaki kama kichocheo cha kutengenezea kemikali ya asetaldehidi kuanzia mwaka 1932 hadi 1968, na maji machafu yake yakamiminwa baharini. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda hichohicho, chini ya daktari Hosokawa Hajime, ilitoa taarifa ya ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Watu waliokula samaki wa ghuba ile walipoteza usemi, macho na nguvu za viungo, na watoto walizaliwa wakiwa tayari wameathirika. Serikali ilikiri rasmi chanzo chake mwaka 1968, miaka kumi na miwili baadaye. Mwaka 1971 mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia huko, wakakaa miaka mitatu. Januari 1972 Smith alipigwa vibaya na watu wa kampuni kwenye kiwanda chake kingine. Picha zao zilitoka kwenye jarida la Life Juni mwaka huo na kuwa kitabu mwaka 1975. Kamera inayohusishwa na kazi hiyo kuliko nyingine zote ni Minolta SR-T 101, ambayo kipima mwanga chake kilikula kidonge cha zebaki.

Hapa mtetezi wa betri ana jibu, na linastahili kusikilizwa. Zebaki ya Minamata, atasema, ilikuwa methili zebaki, sumu ya aina yake. Ya kwenye betri ni oksidi na zebaki tupu ndani ya kopo la chuma. Ni kweli kwamba ni vitu viwili tofauti, hadi pale kopo linapotupwa. Mwaka 1969 wanasayansi wawili wa Sweden, Jensen na Jernelöv, walionyesha kwamba viumbe vidogo vilivyomo kwenye tope la chini ya maji huigeuza zebaki ya kawaida kuwa methili zebaki, na kutoka hapo inapanda kwa samaki. Kopo likizikwa linaoza; likichomwa na taka, zebaki inapaa na moshi na kushuka na mvua. Mtetezi atarudi na hoja ya pili: kidonge cha kamera ni kidogo mno. Peke yake, ndiyo. Lakini theluthi hivi ya uzito wake, au zaidi, ilikuwa zebaki, na vidonge vya aina hiyo viliingia pia kwenye saa, vifaa vya usikivu na vyombo vya hospitali, hadi katika miaka ya 1980 viwanda vya betri vikawa ndio watumiaji wakubwa kuliko wote wa zebaki nchini Marekani. Hakuna sheria inayoweza kuandikwa kwa ajili ya wapiga picha peke yao, na sioni kwa nini ingeandikwa.

Hatua zenyewe zilikuja pole pole. Japani iliacha kuzitengeneza mwaka 1995. Marekani ilipitisha sheria yake Mei 1996. Umoja wa Ulaya, uliokuwa umeanza kubana mwaka 1991, ulitoa agizo Desemba 1998 la kuziondoa sokoni ifikapo Januari 2000. Mkataba wa dunia ulifuata, ukapitishwa Kumamoto, mkoa uleule wa Minamata, tarehe 10 Oktoba 2013, na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 ukibeba jina la mji huo. Ulizipa nchi hadi mwaka 2020 kuacha kutengeneza, kuingiza na kuuza nje betri zenye zebaki, ukisamehe kwa muda vidonge vya fedha na vya hewa vyenye chembe zisizofikia asilimia 2. Msomaji wa Geita au Migori anaijua zebaki kwa sura nyingine, ile inayochanganywa na mchanga wa dhahabu kisha kuchomwa juu ya jiko, na mkataba huohuo unaihusu. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kumwaga zebaki angani, karibu asilimia 38 ya yote yanayotokana na binadamu kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015. Mbele ya takwimu hiyo, kilio cha mwenye kamera hakina budi kupunguza sauti.

Kilio chenyewe, hata hivyo, kina swali la ufundi ndani yake: ni kitu gani kiwekwe mahali pa kidonge? Majibu ya kwanza yalikuwa ya kutafuta betri inayofanana. Duka lilikuuzia 625 ya alkali, umbo lilelile, na mnunuzi akadhani amepona. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwani leo inasema uongo huu na mwezi ujao inasema mwingine. Betri ya fedha angalau ina uongo mmoja usiobadilika. Betri ya hewa na zinki, ile ya vifaa vya usikivu yenye namba 675, au iliyotengenezwa makusudi kwa kamera na kuuzwa kwa jina la Wein, hutoa karibu volti 1.35 hadi 1.4, na kwa umeme ndiyo iliyo karibu zaidi na ya zamani. Kasoro yake ni kwamba inaishi kwa kupumua. Ukibandua karatasi inayoziba matundu yake, kemia inaanza na haisimami, upige picha usipige. Baada ya wiki kadhaa au miezi michache imekauka. Kwenye Rollei 35 hilo ni mzaha mchungu, kwani aliyeibuni, Heinz Waaske, aliweka chumba cha betri ndani ya sehemu ya filamu. Betri ikifa katikati ya filamu, huwezi kuibadilisha bila kufungua mgongo na kuzichoma kwa mwanga picha ulizokwisha kupiga. Ruben alikuwa amewapa betri ya kukaa mwaka na zaidi, nao wakajenga kama vile itakuwepo daima.

Jibu la pili halitafuti kufanana na betri. Linarudisha ndani ya saketi kile kilichorukwa mwaka 1966. Dayodi ya Schottky, iliyopewa jina la mwanafizikia wa Ujerumani Walter Schottky, huupitisha mkondo upande mmoja na kuutoza kidogo njiani. Kwa mikondo midogo kama ya kipima mwanga, tozo hiyo huwa karibu na volti 0.2. Betri ya fedha inaingia na 1.55, saketi inapokea 1.35. Wajapani na Wamarekani wamekuwa wakiuza kipete cha chuma kinachoitwa MR-9 chenye umbo la PX625 kamili, na ndani yake dayodi pamoja na nafasi ya kidonge kidogo cha fedha. Fundi anayejua kazi yake hahitaji hata hicho. Kwenye SR-T 101 anafungua bamba la chini, lile lenye swichi ya kuwasha, kuzima na kujaribu betri. Mara nyingi jambo la kwanza analoliona ni waya wa chumba cha betri uliogeuka kijani, kwa sababu kidonge kilichosahauliwa kimevuja alkali yake miaka mingi; anapangusa mguso kwa siki, anakata waya ulioliwa na kuweka mpya. Kwenye waya huo anaunganisha kwa lehemu kipande cha kioo cha milimita chache. Mstari uliochorwa kwenye ncha yake unaelekea upande mkondo unakokwenda: kwenye waya hasi unaitazama betri, kwenye waya chanya unaipa betri mgongo. Ukigeuzwa, mshale haunyanyuki kabisa, kwa hiyo kosa hilo halijifichi.

Wapo wanaopinga kwamba dayodi nayo si kipimo, kwa kuwa tozo yake hubadilika mkondo ukibadilika, na mkondo hubadilika mwanga ukibadilika. Wana haki, na ukubwa wa haki yao unahesabika. Mkondo ukiongezeka mara kumi, tozo ya dayodi huongezeka kwa takriban volti 0.06, ambayo ni chini ya asilimia 5 ya volti 1.35. Tumetoka kwenye kosa la asilimia 15 kwenye mwanga wote, tumefika kwenye kosa la theluthi yake kwenye ncha tu za kipimo. Shata la kamera yenye umri wa miaka hamsini linakosea zaidi ya hapo. Anayetaka usahihi zaidi amwombe fundi arekebishe vikinzani vya ndani kwa betri ya fedha moja kwa moja, kazi ngumu zaidi inayohitaji chanzo cha mwanga kinachojulikana, lakini inayomaliza shauri.

Upinzani mwingine unatoka kwa watunzaji: kamera ya zamani isiguswe. Lehemu mbili chini ya bamba zinaweza kuondolewa kwa dakika chache na waya ukabaki kama ulivyokuwa, na kamera isiyopima imekwisha kupoteza kitu kikubwa zaidi kuliko waya. Wa mwisho unatoka kwa wapiga picha wenyewe. Filamu ya negativu inasamehe, wanasema, na simu ya mkononi ina programu ya kupimia mwanga bure. Negativu husamehe mwanga uliozidi. Mwanga uliopungua, ambao ndio hasa unaoletwa na volti iliyozidi, hauusamehe hivyo, kwani penye kivuli ambapo hakikuandikwa kitu hakuna kitakachosafishwa kwenye maabara. Filamu ya slaidi haisamehi hata nusu stopu. Na simu inapima vizuri, ila anayeitegemea amekubali kwamba kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera aliyoinunua kimekufa, wakati kadimi salfaidi yake nzima, koili yake nzima na nyuzi zake zote zingali zinafanya kazi zikingoja namba iliyo sahihi.

Watengenezaji wenyewe walijifunza upesi. Nikon F2 Photomic ya mwaka 1971 ilikuja na betri za fedha, Canon AE-1 ya mwaka 1976 ikaja na betri moja ya volti 6 na saketi zinazojisimamia, na Pentax K1000 ya mwaka huohuo ikabaki na daraja lake na leo inakula LR44 inayouzwa kwenye duka lolote la saa. Kamera zinazoteseka ni za kipindi kifupi, takriban kati ya 1963 na mwisho wa miaka ya 1970, na idadi yake ni kubwa kwa sababu zilikuwa nzuri. Mwenye mojawapo asitafute betri za zebaki zilizobaki kwenye maboksi ya zamani, na akizipata asizinunue. Nyingi zimekwisha kuvuja, na zisizovuja ni taka ya sumu inayosubiri siku yake. Aulize kwanza kama kamera yake ina daraja. Ikiwa nalo, aweke betri ya fedha na aendelee kupiga. Ikiwa haina, aipeleke kwa fundi iungwe dayodi, ipimwe kwenye jua, kivulini na chini ya taa, kisha mara moja kwa mwaka anunue kidonge cha fedha, kikiisha akirudishe panapokusanywa betri.